Kuchagua moduli ya GSM ya kengele ya nyumba: mwongozo kamili

Niliwahi kuitwa kukagua nyumba iliyovunjwa usiku wakati wenyewe wamesafiri. Kengele ilikuwapo. Nilipofungua kumbukumbu za paneli, yaani ubongo wa kengele, nikakuta kila kitu kimeandikwa: mlango wa nyuma umefunguliwa, kihisi cha sebuleni kimeona mtu, king'ora kimelia dakika zake zote kikanyamaza. Paneli ilijaribu kutoa taarifa mara kadhaa, ikashindwa, ikaacha. Kwenye ukuta wa stoo moduli ya GSM, kifaa cha kupeleka taarifa za kengele kwa mtandao wa simu, ilikuwa inawaka taa ya kijani kama siku zote. Taa ile ilionyesha tu kwamba umeme unaingia. Mtandao wa simu ambao moduli ile ilitengenezewa ulikuwa umezimwa miezi kadhaa nyuma, na hakuna aliyejua, kwa sababu waya mmoja mwembamba wa kutangaza hitilafu haukuwa umeunganishwa na paneli.

Tangu siku ile, nikishika moduli yoyote mkononi najiuliza: hii ikifa, nani atajua, na baada ya muda gani? Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali hilo. Mtu anayeanza na bei au na uzuri wa programu yake ya simu anaweza kununua kifaa kizuri sana ambacho siku moja kitanyamaza bila kuaga.

Kazi yenyewe ya moduli

Paneli inajua kilichotokea ndani ya nyumba. Moduli ndiyo inayotoka nje kukisema. Wengi bado wanaiita moduli ya GSM, jina la mtandao wa 2G, hata pale inapotumia 4G, nami nitaliacha jina hilo lilivyo.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na simu ya mezani. Paneli ilipiga namba ya kituo cha ufuatiliaji, mahali ambapo wahudumu hupokea taarifa za kengele, kituo kikaitikia kwa milio miwili, wa 1400 Hz na wa 2300 Hz, paneli ikatuma tarakimu kwa sauti zilezile unazosikia ukibonyeza namba za simu, kisha kituo kikatoa mlio wa mwisho wa kusema kimepokea. Lugha iliyoenea zaidi ya mazungumzo hayo inaitwa Contact ID, na bado inatumika. Ujumbe kama 1234 18 1130 01 005 unasomeka hivi: akaunti namba 1234, 18 ni alama kwamba hii ni Contact ID, 1 inayofuata ina maana tukio jipya (ingekuwa 3, ingemaanisha hali imerudi sawa), 130 ni uvamizi, 01 ni sehemu ya nyumba, 005 ni kihisi cha tano. Kariri namba nyingine chache, kwa sababu utazihitaji siku ya majaribio: 110 ni moto, 301 umeme umekatika, 302 betri imeshuka, 602 ni jaribio la kawaida.

Simu hizo za waya zinaondoka. Uingereza, kwa mfano, imepanga kuzima mtandao wake wa zamani mwishoni mwa Januari 2027. Na pale simu ya mezani ilipohamishiwa kwenye intaneti, sauti hubanwa ili zipite kwa wepesi. Sikio la binadamu halioni tofauti, lakini tarakimu za Contact ID hufika zimevurugika. Ndiyo sababu mtu mwenye paneli nzuri ya miaka kumi na tano anajikuta leo akitafuta moduli.

Hatua ya 1: Ijue paneli yako kabla ya kutazama moduli yoyote

Zima umeme wa nyumba unaoingia kwenye paneli, fungua sanduku lake, na uandike jina na namba ya toleo iliyochapishwa kwenye bodi. Jina lililo kwenye mlango wa sanduku au kwenye kibao cha namba halitoshi, maana vibao hubadilishwa na masanduku hutumiwa tena. Piga picha ya viunganishi vyote. Hakikisha pia kwamba nywila ya fundi, ile inayofungua mipangilio ya ndani, unayo au inaweza kupatikana. Kampuni nyingine za ulinzi hufunga paneli kwa nywila yao, na bila hiyo utanunua moduli usiyoweza kuiunganisha hadi paneli irudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani. Baadhi ya paneli hazikubali hata hilo.

Ukishaijua paneli, kuna njia tatu za kuiunganisha na moduli.

Ya kwanza ni moduli kujifanya laini ya simu ya mezani. Waya mbili za simu za paneli zinaingia kwenye moduli. Moduli inatoa volti na mlio kama wa simu, inaisikiliza paneli ikituma Contact ID, kisha inaufunga ujumbe ule na kuupeleka kwa data. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi na karibu paneli yoyote yenye kipiga simu, iwe ya kampuni gani. Ila hapa pana mtego ambao wauzaji wachache huutaja. Moduli nyingine huipa paneli ule mlio wa "nimepokea" papo hapo, kabla ujumbe haujafika kituoni. Paneli inaamini kazi imekwisha, inaacha kujaribu, na moduli ikishindwa kutuma, taarifa imepotea kati yao. Muulize muuzaji, au soma mwongozo wa kifaa: je, moduli inasubiri kituo kithibitishe kwanza ndipo iithibitishie paneli? Kama jibu halieleweki, tafuta nyingine.

Njia ya pili ni moduli kuungwa kwenye waya nne za kibao cha namba: mbili za umeme, mbili za data. Moduli inakuwa kama kibao kingine. Inaona hali ya kila kihisi, inaweza kuwasha na kuzima kengele kutoka kwenye simu yako, na inajua majina ya vyumba. Kama paneli yako inakubali, hii ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu moduli na paneli zinaulizana hali muda wote. Moduli ikinyamaza, kibao cha namba kinatangaza hitilafu. Ubaya ni kwamba lugha ya waya hizo ni siri ya kila mtengenezaji. Moduli ya paneli za DSC haitaielewa paneli ya Honeywell, isipokuwa kama imetengenezwa kwa zote mbili na imeandikwa hivyo waziwazi pamoja na namba za matoleo. Neno "inafanya kazi na paneli zote" kwenye sanduku kwa kawaida linazungumzia ile njia ya kwanza.

Ya tatu ni rahisi kuliko zote: paneli inafunga swichi yake ya kutoa taarifa, moduli inaona swichi imefungwa, inatuma ujumbe mmoja wa jumla. Hutajua ni mlango upi wala chumba kipi, ila tu kwamba kuna jambo. Inafaa kwa paneli ya zamani sana isiyo na kipiga simu, au kwa king'ora cha ghala. Kwa nyumba yenye watu naiona haitoshi, hasa kama kuna vihisi vya moshi, kwa sababu moto na mwizi vinaitiwa watu tofauti.

Hatua ya 2: Amua ujumbe unakwenda kwa nani

Kuna wanaotaka ujumbe uje kwenye simu yao tu, bila kituo cha ufuatiliaji. Naelewa sababu zao. Lakini ujumbe mfupi wa maandishi huwekwa kwenye foleni ya mtandao na kupelekwa unapowezekana. Hauahidi kufika kwa dakika fulani. Moduli haiwezi kujua kama umeusoma. Saa nane usiku, simu ikiwa imezimwa sauti, au ukiwa ndani ya ndege, ujumbe huo hauna mtu.

Kama utabaki na njia hii, chagua moduli inayopiga simu ya sauti pamoja na kutuma ujumbe, inayozungukia angalau namba tatu au nne, na inayoendelea hadi mmoja abonyeze kitufe cha kukubali. Angalia pia kwamba simu zake za sauti zinapita kwenye 4G yenyewe, yaani ina VoLTE. Moduli nyingi zenye maandishi ya 4G hutumia 4G kwa data peke yake na kurudi kwenye 2G au 3G zinapotaka kupiga simu. Siku mitandao hiyo ikizimwa, data itaendelea kupita lakini sauti itakatika.

Kama unatumia kituo, wapigie kabla ya kununua. Waulize kipokezi chao kinakubali mfumo upi. Wengine wanapokea SIA DC-09, ambao ni utaratibu wa wazi unaotumiwa na watengenezaji wengi. Wengine wanapokea tu moduli zinazopita kwenye seva za mtengenezaji fulani. Mazungumzo ya dakika tano yanakuepusha na kurudisha kifaa dukani.

Hatua ya 3: Angalia mtandao huo utaishi hadi lini

Moduli ya kengele hukaa ukutani miaka kumi au zaidi. Mitandao ya simu haina subira hiyo. Nchini Marekani, kampuni za simu ziliruhusiwa kuzima mtandao wa analogi Februari 2008, na vifaa vingi vya kengele vikanyamaza nao. AT&T wakazima 2G mwanzoni mwa 2017, kisha 3G Februari 2022; Verizon wakafuata na 3G yao mwisho wa 2022. Australia ilimaliza 3G mwaka 2024. Kila mara kulikuwa na watu waliokuwa wamenunua moduli ya kizazi kinachoondoka miaka miwili au mitatu kabla, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mpangilio wa kuzima haufanani kila mahali. Nchi nyingi za Ulaya zimeanza na 3G na kuiacha 2G iendelee, kwa sababu vifaa vingi vidogo, zikiwemo mita na kengele, bado vinaitegemea. Kwa hiyo usikubali maneno ya jumla. Ingia kwenye tovuti ya kampuni ya simu utakayotumia, tafuta tangazo lao kuhusu 2G na 3G, na usipoliona wapigie. Vyovyote itakavyokuwa, moduli isiyo na 4G nisingeinunua leo hata kama 2G ya hapo ulipo ina nguvu kuliko zote. Kurudi kwenye 2G pale 4G inapokatika ni nyongeza nzuri, lakini umri wa kifaa upime kwa 4G.

Ndani ya 4G penyewe kuna aina, na majina yake yapo kwenye karatasi ya vipimo:

LTE Cat 1 hupokea hadi Mbps 10 na kutuma hadi 5. Inapita kwenye mtandao wowote wa kawaida wa 4G, na hilo ndilo linaloifanya iwe chaguo salama. Ndugu yake, Cat 1 bis, inafanya kazi hiyohiyo kwa antena moja badala ya mbili.

LTE-M, inayoandikwa pia Cat M1, ina kasi ya takriban Mbps 1, ambayo kwa kengele ni zaidi ya inavyohitaji, kwani taarifa nzima ya uvamizi ni baiti mia kadhaa. Nguvu yake iko kwingine: inasikia mawimbi dhaifu ambayo Cat 1 imeshayapoteza, kwa hiyo inafaa kwa chumba cha chini ya ardhi au nyumba yenye kuta nene. Lakini kampuni ya simu lazima iwe imeiwasha kwenye minara yake. Zipo ambazo hazijaiwasha.

NB-IoT inafika mbali zaidi, ila ni ya polepole na ujumbe unaweza kuchelewa sekunde kadhaa. Iliundwa kwa vitu kama mita za maji. Kwa kengele ya nyumba naiweka nyuma ya hizo mbili.

Jambo la mwisho hapa ni masafa ya mawimbi, ambayo hugawanywa katika mafungu yanayoitwa bendi. Moduli iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na bendi kama 2, 4, 12 na 13. Sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika 4G inapita kwenye bendi kama 3 ya 1800 MHz, 8 ya 900 MHz, 20 ya 800 MHz na 28 ya 700 MHz. Kifaa kilichoagizwa kutoka soko jingine kinaweza kuwaka, kikatafuta, kisipate mnara hata mmoja. Au kibaya zaidi, kikashika bendi moja tu ya masafa ya juu, nacho kikawa kinapotea na kurudi. Linganisha orodha ya bendi za moduli na za kampuni yako ya simu. Hakikisha kuna angalau bendi moja ya chini ya 1000 MHz, maana hizo ndizo zinazopenya kuta vizuri.

Hatua ya 4: Pima mawimbi pale ukutani

Vijiti vya mtandao kwenye simu havikupi kipimo, kila mtengenezaji anavichora apendavyo. Tafuta namba inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara wenyewe, inayoandikwa kwa dBm na alama ya kutoa. Kwenye simu nyingi za Android iko ndani ya mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, chini ya hali ya laini. Kwenye iPhone unapiga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo unafunguka. Tumia laini ya kampuni ileile ambayo moduli itatumia, zima Wi-Fi, na hakikisha simu iko kwenye 4G.

Sasa weka simu mahali hasa moduli itakapokaa, milango ikiwa imefungwa, usubiri dakika moja kabla ya kusoma. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kati ya -80 na -95 huna wasiwasi. Kati ya -95 na -105 itafanya kazi, ila angalia sehemu nyingine za nyumba. Ikishuka chini ya -110, moduli ya Cat 1 itakuwa inahangaika. Pima asubuhi na pia jioni, wakati watu wengi wako mtandaoni. Jioni ndiyo itakayokuambia ukweli.

Onyo kwa wanaopenda vipimo: moduli nyingi zina kipimo chao cha 0 hadi 31. Zidisha kwa 2, kisha toa 113, unapata dBm. 10 inakuwa -93. Lakini hiyo ni RSSI, nguvu ya jumla ya kila kitu kinachosikika, nayo kwa kawaida husomeka juu sana kuliko RSRP ya mahali palepale. Usizilinganishe mbili hizo ukadhani moduli inasikia vizuri kuliko simu.

Nimeona mafundi wakifunga moduli ndani ya sanduku la chuma la paneli kwa sababu nafasi ilikuwepo. Chuma kinayazuia mawimbi. Paa la bati, mabomba, tangi la maji na upande wa nyuma wa friji vinafanya vivyo hivyo. Kama sehemu ya paneli haina mawimbi, wengi hukimbilia kununua waya mrefu wa antena. Waya wa kawaida wa aina ya RG-58 hupoteza karibu nusu dB kila mita kwenye 900 MHz, na zaidi masafa yanapopanda. Mita kumi ni dB 5, yaani theluthi mbili ya nguvu imeishia njiani. Ni heri uhamishe moduli yenyewe hadi penye mawimbi, juu na karibu na ukuta wa nje, na uvute waya nne za data kutoka kwenye paneli. Waya hizo hazipotezi mawimbi. Mahali hapo pasiwe panaonekana kutoka dirishani wala panapofikiwa kwa mkono na mtu aliyeingia sasa hivi.

Hatua ya 5: Laini

Moduli nyingine huja na laini ndani, imelipiwa kupitia mtengenezaji au kituo. Nyingine unaweka yako. Ya ndani mara nyingi inaweza kuhama kutoka kampuni moja ya simu hadi nyingine mnara mmoja ukianguka, na hilo lina thamani. Uliza tu: ukiachana na kituo hicho, moduli itabaki kuwa na kazi au itafungwa?

Ukiweka laini yako, ondoa PIN yake kwanza kwa kutumia simu ya kawaida. Andika APN, yaani jina la njia ya data ya kampuni ya simu, vizuri, herufi kwa herufi. Laini ya malipo ya kabla ndiyo inayoua moduli nyingi kimyakimya: bando linaisha, au laini haijaongezwa salio kwa muda mrefu na kampuni inaifunga. Omba laini ya mkataba au ya vifaa, isiyokufa kwa kukosa vocha. Matumizi ni madogo. Moduli inayotuma salamu kila dakika 3 hutuma 480 kwa siku; kila salamu na jibu lake ikiwa baiti 200 hivi, mwezi mzima hauzidi MB 3.

Moduli yenye nafasi mbili za laini inakulinda kampuni moja ikianguka. Haikulindi redio yake ikiharibika, kwa sababu laini zote mbili zinatumia redio ile moja.

Hatua ya 6: Salamu, na nani anasikia zikikoma

Hapa ndipo swali langu la mwanzo linapojibiwa. Moduli nzuri haingoji mwizi ndipo iseme. Kila baada ya muda inatuma salamu fupi, kituo kinajibu. Salamu zikikosekana, kituo kinajua kuna tatizo hata kama paneli haijasema neno. Jaribio la mara moja kwa siku, ile 602 ya asubuhi, haliwezi kuchukua nafasi ya salamu hizo: moduli ikikatwa dakika tano baada ya jaribio, una takriban saa 24 za giza.

Ulaya wana kiwango kinachoitwa EN 50136, ambacho kinapanga njia za mawasiliano kwa muda unaoruhusiwa kupita kabla hitilafu haijaripotiwa. Hata kama hauko Ulaya, ngazi zake zinakusaidia kuuliza maswali. Kwa njia moja: SP2 inaruhusu hadi saa 25, SP3 dakika 30, SP4 dakika 3, SP5 sekunde 90. Zipo na ngazi za DP, kwa mifumo yenye njia mbili. Kwa nyumba ya kawaida nisingeshuka chini ya SP3. Kwa nyumba ambayo wenyewe hawapo kwa majuma, au ambako mtu ametishiwa, ningetafuta SP4.

Kumbuka kwamba namba hiyo haitegemei kifaa peke yake. Moduli inaweza kuwa na uwezo wa dakika 3, kifurushi ulicholipia kikawa cha saa 24. Soma mkataba. Kisha uliza jambo linalosahaulika: salamu zikikoma, kituo kinafanya nini? Kinakupigia? Kinatuma mtu? Au kinaandika tu kwenye kompyuta? Jibu lipate kwa maandishi.

Salamu za mara kwa mara ndizo pia kinga yako dhidi ya vifaa vya kuziba mawimbi. Mwizi akiwasha kifaa hicho, moduli haiwezi kutuma chochote, hata kama imetambua kwamba inazibwa. Kinachobaki ni kituo kugundua ukimya, na kama moduli ina uwezo wa kutambua kuzibwa, iamrishe paneli ilize king'ora. Njia ya pili inasaidia zaidi: intaneti ya nyumbani kupitia waya wa Ethernet, moduli ikiwa ya akiba au kinyume chake. Nasisitiza waya, kwa sababu Wi-Fi nayo ni mawimbi. Na ruta iwe na betri yake, la sivyo umeme ukikatika njia ya pili haipo.

Kwa anayetumia simu yake tu bila kituo, tafuta moduli ambayo seva ya mtengenezaji inazifuata salamu zake na kukuarifu zikikosekana. Moduli ya ujumbe mfupi pekee haiwezi kukuambia kwamba imekufa.

Hatua ya 7: Hesabu umeme

Betri ya kawaida ya paneli ni ya 12 V, 7 Ah. Jumlisha matumizi: bodi ya paneli labda 100 mA, kibao cha namba 70, vihisi sita vya waya 80 kwa pamoja, moduli 80. Ni 330 mA. Gawa 7 kwa 0.33, unapata saa 21 za karatasini. Betri ya miaka minne inaweza kukupa nusu yake. Kiwango cha Ulaya kwa kengele za kawaida za nyumba, EN 50131, kinadai saa 12 kwa ngazi ya kwanza na ya pili. Kama paneli yako inabeba vihisi vya moshi, kiwango cha Marekani cha UL 985 kinadai saa 24 za kusubiri na dakika 4 za kulia baada ya hapo. Betri ikiwa haitoshi, weka kubwa zaidi au tafuta moduli yenye betri yake.

Angalia pia kwamba paneli inaweza kuilisha moduli. Redio ya 2G huvuta mkondo wa ghafla unaoweza kufika karibu 2 A kwenye chipu yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Waya mwembamba na mrefu ukishindwa kuubeba, volti inaanguka na moduli inajizima na kuwaka upya wakati uleule inapotaka kutuma taarifa. Ukiona moduli inatuma majaribio vizuri lakini inapotea king'ora kinapolia, anza kukagua waya za umeme.

Hatua ya 8: Mlango wa data

Hapa ni pafupi. Moduli iwe na usimbaji fiche wa AES wa biti 128 au 256. Badilisha nywila ya kiwandani siku ya kwanza. Kama inaongozwa kwa ujumbe mfupi, ifungie kwenye namba zako tu na bado uiwekee nywila, kwa sababu namba ya mtumaji inaweza kughushiwa. Mtengenezaji awe na kawaida ya kutoa masahihisho ya programu ya ndani. Angalia tarehe ya la mwisho.

Hatua ya 9: Kufunga, kisha kung'oa antena

Zima umeme na uchomoe betri kabla ya kuunganisha waya wowote. Unganisha antena kabla ya kuwasha moduli. Kwenye paneli chagua Contact ID, weka namba ya akaunti, na kama unatumia ile njia ya laini ya simu, weka namba yoyote ya kupiga ambayo mwongozo unaitaka. Ufuatiliaji wa laini, yaani paneli kukagua kama laini ya simu iko hai, usiuzime. Waya wa hitilafu wa moduli uunganishe kwenye kiunganishi kimojawapo cha paneli na ukipe jina, ili kibao cha namba kiseme. Ni huo waya uliokosekana katika nyumba niliyoisimulia.

Wapigie kituo waiweke akaunti kwenye majaribio. Kisha fungua kila mlango, pita mbele ya kila kihisi, bonyeza kitufe cha dharura, na umwombe mhudumu akusomee alichopokea: namba ya tukio na namba ya kihisi. Usiridhike na "tumepata ishara". Chomoa umeme wa ukutani na ungoje 301. Paneli nyingi huichelewesha makusudi. Rudisha, halafu jaribu tena kwa betri peke yake huku king'ora kinalia.

La mwisho lifanye siku nyingine, akaunti ikiwa imeshatolewa kwenye majaribio. Mjulishe msimamizi wa kituo pekee, si wahudumu wa zamu. Ng'oa antena, tazama saa, kaa chini. Kibao cha namba kinatakiwa kulia hitilafu ndani ya dakika chache, na simu yako inatakiwa kuita ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Andika dakika zilizopita kwenye karatasi pamoja na tarehe, kiwango cha RSRP cha siku hiyo na umri wa betri, uibandike ndani ya mlango wa sanduku. Simu isipoita, rudi hatua ya 6 na usiilipie moduli hiyo hadi iite.